Somo la Asubuhi

Kabla boti yetu ya kuvulia samaki haijatoka bandari ya Montauk, nilimfundisha Delbert, abiria aliyekuwa hajawahi kuvua, mambo mawili. "Kaka, mko arobaini humu, bega kwa bega. Usirushe ndoana kwa kuipitisha nyuma, ishushe tu majini. Na ukisikia uzito, usimuulize mtu. Vuta kwa nguvu zako zote!"

La kwanza alilisahau mara tu tulipotia nanga.

Nilikuwa nyuma yake nikikata chambo. Kitu baridi kikanitoboa mdomo wa chini, na kipande cha ngisi kikaning'inia kidevuni. Nikataka kupiga kelele, ulimi ukagusa chuma.

Ndoana haikuwa imefika hata majini, lakini fimbo yake ya kuvulia ilipinda. Delbert, macho baharini, akaruka kwa furaha.

"Jamani, nimepata! Huyu mkubwa!"

"Vuta!" wakapaza sauti abiria wote.

La pili alikuwa hajalisahau.