Siku Tatu za Jua

Paskalia alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda, akitoka Ushirombo, alipomwona ng'ombe wa mwisho wa mama yake akilielekea hori. Alitembea polepole, kama ng'ombe wa ndotoni.

Ng'ombe wenzake wanne walikunywa maji ya bwawa la marudio, pale mchanga wa dhahabu unapoloekwa kwa sumu ya sayanaidi. Hawakurudi zizini.

Ndipo, kabla ya kuondoka, Paskalia akatandika vigae ndani ya hori, vigae alivyovipaka unga mweupe wa maabara ya chuo, akamimina juu yake maji ya bwawa lile. Vilimeremeta kama mwezi uliosahau kutua. Jua likiupiga unga ule, sumu huvunjika kidogo kidogo.

"Siku tatu za jua, mayu," alimwambia mama yake siku ile. "Kisha nitayapima."

Leo ilikuwa siku ya tatu.

"Shikamoo, mayu!"

"Marahaba, mwanangu! Njoo uone nilivyokutunzia maji yako."

Mama alikuwa kando ya hori, akikunja turubai jeusi, taratibu, pembe kwa pembe, kama anayekunja nguo za mtoto mchanga. Upande wake wa ndani ulikuwa umelowa. Tone moja lilining'inia ukingoni, likameremeta, halafu likadondoka.

"Tangu uondoke sijalifunua hori hata mara moja, hadi sasa hivi," alisema kwa fahari. "Maji ya kunywa hayaachwi wazi. Si nilikufundisha mwenyewe?"

Nyuma yake, pua ya ng'ombe ilichora duara la kwanza juu ya maji.