Shujaa Aliyepigwa na Radi

Baba yake Mzee alikuwa karani wa mahakama asiyewahi kuchelewa kazini hata siku moja; babu yake, mpima ardhi ambaye mipaka yake haikubishaniwa na mtu. Yeye mwenyewe alistaafu akiwa mwalimu mkuu. Kwa hiyo mjukuu wake, mchora katuni, alipomwomba asimame achorwe kwa ajili ya kitabu cha shujaa mwenye nguvu za ajabu, Mzee hakushangaa. Alishangaa tu kwamba ombi lenyewe lilichelewa.

Alipanda juu ya sanduku la mbao sebuleni, suti imenyooka, kidevu juu.

"Usitikisike, Babu," mjukuu alisema, akichonga penseli ya kijivu.

"Sijatikisika tangu niajiriwe."

Nyuma ya Mzee, Bibi alikuwa juu ya ngazi akitundika mapazia aliyoyafua.

"Huyo shujaa alizipataje nguvu zake?" Mzee aliuliza.

"Alipigwa na radi akitundika mapazia. Alipozinduka, akajikuta anaelea hewani."

"Mapazia?" Mzee alikunja uso. "Mtafutie kazi yenye hadhi."

"Kunja hivyo hivyo, Babu. Safi sana."

"Na mbona unatazama juu ya kichwa changu?"

"Napima urefu."

Bibi alicheka peke yake huko juu. "Vumilia, mume wangu. Ukoo mzima unakutegemea."

Akavumilia majuma matatu. Goti lilimuuma, miguu ikavimba, lakini hakushuka. Alikwisha kuwaambia walimu wenzake wote wastaafu kwamba heshima ya ukoo sasa itadumu kitabuni.

Siku kitabu kilipotoka, sebule ilijaa walimu, wakwe na wajukuu. Mzee alikishika mbele ya wote, akakohoa, akakitazama.

Jaladani, Bibi alikuwa akishuka kutoka mawinguni, amejifunga joho la pazia la maua, cheche zikimtoka vidoleni.

Mzee alifunua kurasa, wageni wakichungulia begani kwake. Hatimaye akajitambua. Alikuwamo katika kila ukurasa, uso umekunjwa, kijivu tupu: sanamu ya mawe katikati ya uwanja wa mji, na juu ya kichwa chake shujaa ametua, anafunga kamba za viatu.

Wakwe walibana vicheko. Mzee alivaa miwani, akarudia kitabu chote tangu mwanzo, polepole.

"Zingatieni, enyi vijana," alisema. "Humu kitabuni majengo yameanguka, askari wamekimbia. Semeni ni nani hakutikisika."