Mtu wa Kumi

Siku hizo, watu wasipotimia kumi wanaotakiwa kwa sala katika sinagogi letu la Arusha, mtambo uliketisha sura ya mwanga ya muumini aliyefariki ili sala iendelee.

Alhamisi asubuhi, Penina alimwacha mumewe Gershoni na homa, akaenda kumwombea udhuru. Alipoingia alimkuta Gershoni huyohuyo ameketi, shali ya sala mabegani, akisali.

"Mzee Efraimu," alimnong'oneza kiongozi wa sala, "mume wangu yuko nyumbani anakunywa uji. Mbona mmeleta sura yake?"

Mzee alifunga kitabu chake cha sala. "Hatukuchagua sisi, mama. Mtambo hujichagulia, na huleta waliokufa tu."

Penina alikimbia hadi nyumbani, akaita mlangoni, "Baba Talya!"

Sauti ya Gershoni ikaitika kutoka ndani, tulivu kabisa. Penina hakuthubutu kufungua.