Minyororo ya Profesa

Stamen alipiga goti kwenye theluji, akajaribu kupenyeza kidole kati ya tairi na shokapu. Kikakwama. Akacheka kwa pua.

"Nani alikuuzia gari hili," aliuliza, "na ulikuwa umemkosea nini?"

Mwenye gari alisimama kando, mikono mfukoni. Gari lenyewe lilikuwa jeusi, lina namba za mji wa Plovdiv, limelala chini kama lililokanyagwa. Matairi yake yalikuwa mapana, ubavu wa kila moja mwembamba kama mkanda wa suruali. Minyororo ya kuzuia matairi yasiteleze kwenye theluji, aliyoinunua kwenye kituo cha mafuta, ilikuwa minene mno. Kwa nafasi ile ndogo ingegonga shokapu na kukata paipu ya breki kabla ya kona ya pili. Stamen aliiokota kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akaitupa pembeni. Hakumwuliza mtu huyo jina. Alitazama miwani, skafu na viatu vya ngozi laini, akaamua kumwita profesa.

Gereji yake ilikuwa ya mwisho kabla barabara haijaanza kupanda mlima, na kwa miaka ishirini na sita, kila aliyetaka kuvuka wakati wa theluji alipitia mikononi mwake. Watu wa mjini aliwadharau kwa sababu hawakujua kitu. Watu wa kijijini kwake, huko juu, aliwadharau kwa sababu walimhitaji. Hata Dosyo, dereva wa greda la kuondoa theluji barabarani, aliyeshuka kila asubuhi na kunywa naye kahawa kando ya jiko la kuni, alimwona kuwa mtu wa kuzungusha usukani tu.

Asubuhi hiyo Dosyo alikuwa amemuudhi zaidi. Wakati wa baridi Stamen alilala gereji, akapanda nyumbani Jumapili tu, na siku nyingine mkewe Nevyana alikuwa akimpa Dosyo banitsa, andazi la jibini, ingali ya moto, amfikishie. Leo Dosyo alileta mashati. Mashati yote ya Stamen, yamefuliwa na kupigwa pasi. Alipoulizwa chakula kiko wapi, alijibu kwamba amepewa hayo tu. Stamen akasema mwanamke yule akili zimeanza kuganda. Huu ni mwaka wa tano anamsumbua amfundishe kufunga minyororo kwenye gari lao bovu, ili naye aweze kushuka mjini. Akafanye nini huko, hakuna ajuaye.

Dosyo alitazama kahawa yake.

Sasa Stamen alitoa stoo jozi moja ya minyororo myembamba, ya magari ya aina ile, akaitandaza juu ya theluji ili isijisokote. Alifunga gurudumu la mbele la kulia akieleza kila hatua kwa sauti ya mtu anayemfundisha kuku kusoma. Kwanza nyuma ya tairi. Kisha mbele. Vuta, sogeza gari hatua chache, vuta tena. Ukiacha ulegevu hata wa kidole kimoja, rimu yako imekwisha.

Alipohamia la kushoto, profesa akaomba afunge mwenyewe.

"Wewe?" Stamen alimwita Dosyo atoke nje aone sinema.

Mtu yule alipiga magoti na suruali yake nzuri. Alikosea mara mbili, na mara zote mbili Stamen alimweleza Dosyo, kwa sauti ya kusikika, kwamba mikono kama ile ilikusudiwa kushika vijiko vya chai. Kidole kilichanika, damu ikadondokea theluji. Mtu yule hakuinuka. Mara ya tatu mnyororo ukakaa. Stamen aliukagua kwa muda mrefu akitafuta kasoro, na kutoiona kulimkera.

"Nani alikuelekeza kwangu?" aliuliza.

"Mtu wa huko juu. Alisema una mdomo mchafu, lakini kwa kazi hii huna mwenzako."

Stamen aliamini ni mwenye hoteli ya kijijini, na kifua kikamjaa. Kwa furaha hiyo akamwongezea mawaidha: asizidi arobaini, akiteremka atumie gia ya pili na asikanyage breki kwa pupa. Profesa akauliza kama wakati wa kurudi kungekuwa na tatizo wakiwa watu wawili, na mizigo.

"Uzito ni mzuri. Unayakandamiza matairi," Stamen alisema. "Pakia hata kabati."

Gari lilipopotelea kwenye misonobari, aliweka dau la chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, na Dosyo kwamba mchana wataitwa kulivuta kutoka mtaroni. Dosyo alikataa dau, akapanda greda lake na kuondoka bila kumaliza kahawa.

Saa tisa alasiri Stamen alisikia minyororo ikiteremka. Mlio wake ulikuwa sawasawa, bila pigo hata moja la kulegea, naye akatoka nje akijifuta mikono, kwa maana kazi nzuri huijua kwa sikio. Gari jeusi lilisimama mahali lami ilipoanza kuonekana. Profesa akashuka, akapiga magoti tena, akafungua minyororo yote miwili kwa utaratibu aliofundishwa, akaikunja vizuri na kuiweka miguuni mwa Stamen.

"Ahsante, fundi," alisema. Hakumtazama usoni.

Stamen alikuwa ameshafungua mdomo amtanie kuhusu suruali yake, ndipo kioo cha upande wa pili kiliposhuka.

"Funguo za nyumba nimemwachia mama yako," Nevyana alisema, kisha akapandisha kioo.