Sifuri, Moja, Mbili

"Itoe, Mama Tunu! Ikifa na nyingine, mafaili ya wagonjwa wote yamekwenda."

"Kazi yangu naijua, Sista Leokadia. Usinifokee."

"Basi ifanye!"

Mama Tunu hakusogea. Alikuwa amepiga magoti mbele ya seva, kompyuta kuu ya hospitali, diski mpya mapajani. Kati ya diski nne, moja iliwaka taa nyekundu, na juu yake palikuwa na kipande cha plasta chenye mwandiko wa Tunu, bintiye na fundi mwenzake: "Mama, tunahesabu toka sifuri." Aliibandika siku ile mama yake nusura achomoe diski nzima aiache mbovu, kwa kuwa mashine huiita ya kwanza sifuri. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Tatu zilikwisha kubadilishwa. Hii ndiyo pekee iliyobaki kati ya zile alizozifunga Tunu kwa mkono wake, kabla hajalazwa wodi ya juu asishuke tena.

"Zikitoka mnazitoboa zisisomeke tena," alisema Mama Tunu.

"Ndiyo sheria. Zina siri za watu." Sauti ya Sista ilishuka. "Hata faili lake limo humo, mama."

Mama Tunu aliweka kidole kwenye diski ya kwanza.

"Sifuri," alihesabu kwa sauti. "Moja. Mbili."

Akavuta. Akaisukuma mpya mahali pake, na taa ya kijani ikaanza kuwaka na kuzimika.

Sista alinyoosha mkono apokee ile iliyokufa. Mama Tunu alikuwa ameikumbatia. Ilikuwa bado ina joto.