Tone Jekundu Kitakoni

Mama shemasi alikuwa akifuta vikombe vya ushirika mjane mmoja alipoingia kumsaidia. Tangu asikie kwamba mjane huyo anaishi na virusi vya UKIMWI, alikuwa amemtengea kikombe kimoja kwa siri, akakitia tone la rangi ya kucha kitakoni.

Mjane akavigeuza vikombe, akakitoa chenye tone.

“Changu niachie, dada. Miaka mitatu umekichemsha hadi nakionea huruma.”

“Kumbe ulijua?”

“Tangu Jumapili ya kwanza. Nikasema, afadhali hawajaninyima.”

Mama shemasi akakosa pa kuyaweka macho. Akampokonya kikombe, akaanza kulikwangua tone kwa ukucha. Halikubanduka.

Mjane akanyoosha mkono.

“Kilete tu, dada. Ibada imeanza.”