Mkombozi wa Ndayiragije

Immakulata aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama vizuri, mkono mmoja umeshika fundo la kitenge alimoficha pesa. Karandinga la magereza lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya mahakama ya mwanzo. Dereva wake alikuwa anamalizia muhogo wa kuchoma.

"Kimbia, shemeji! Likiondoka naye hilo, basi tena!" alipiga kelele Havyarimana, mdogo wa mumewe, aliyemleta. Pikipiki alikuwa nayo na huruma alikuwa nayo. Ila ulipofika wakati wa kuchanga pesa za kumtoa kaka yake, mifuko ikatoboka ghafla.

Asubuhi ile hakimu alikuwa amesoma hukumu. Ndayiragije, mkulima wa Busunzu, kwa kosa la kumpiga mkewe, alipe faini ya laki mbili au aende jela miezi mitatu. Mshitakiwa akatabasamu.

Kwa nini asitabasamu? Mwaka jana alitiwa hatiani kwa kosa hilohilo, akatozwa laki moja, na faini ya kumpiga Immakulata ikalipwa na Immakulata. Aliuza maharage yote, hata ya mbegu. Serikali ikapata chake, hakimu akapata sifa ya ukali, Ndayiragije akarudi nyumbani kifua mbele. Aliyepigwa akashinda njaa na wanawe. Haki hiyo, jamani! Na jioni ileile bwana mkubwa akamtandika tena, eti amechelewa kumtoa.

Safari hii, mumewe akiwa mahabusu, Immakulata aliuza maharage mwenyewe, kwa bei aliyoitaka mwenyewe. Nyumbani watoto walicheka mpaka majirani wakasikia. Hata uvimbe wa jicho ulianza kuywea.

Wanawake waliokaa kwenye benchi la mashahidi walimwona anavyohema, wakatazamana.

"Kaja kumkomboa tena!" mmoja alisonya. "Huyu kalogwa, si bure."

"Akipigwa tena asije kwangu kuomba maji ya moto ya kujikanda," alidakia mwingine.

Ndayiragije aliuona uso wa mkewe kupitia nondo za dirisha la mahabusu, akapiga makofi.

"Yewe, mama Dadi! Umeleta?"

"Nimeleta, baba Dadi. Zote."

"Si nilisema?" Akamgeukia askari. "Afande, andaa funguo kabisa, tusicheleweshane. Mimi mke ninaye!" Kisha akamrudia mkewe. "Ukimaliza kulipa, pitia buchani. Huku wananilisha maharage tu, mpaka nimekonda."

"Tulia, baba Dadi. Leo nimekuja kwa ajili yako."

"Na usiweke chumvi nyingi!"

Askari akaangalia pembeni, akiona aibu kwa niaba ya watu wote. Nje, dereva wa karandinga alifuta mikono kwenye suruali, akawasha injini.

Karani wa mahakama alikuwa binti mdogo, mwenye haraka ya kwenda kula. Immakulata alifungua fundo la kitenge mbele yake, akazimwaga noti mezani, zimejikunja na zinanuka vumbi la ghalani.

"Hapa hatupokei pesa mkononi, mama," alisema karani. "Nakupa namba ya malipo, unakwenda kulipa kwa wakala pale ng'ambo. Ukileta ujumbe wa malipo, mumeo anatoka sasa hivi. Fanya haraka, gari linaondoka."

Immakulata hakuipokea namba. Aligeuka akamtazama mumewe, aliyekuwa anampungia mkono dirishani, kisha akainama karibu kabisa na sikio la karani.

"Mwanangu, hiyo miezi mitatu mbona kidogo sana?" alinong'ona, akizisukuma zile noti mbele. "Nikizilipa zote hizi, mnaweza kuniongezea mingapi?"